Posa Iliyokamatwa Uwanja wa Ndege

Mirriam Nkatha alikuwa na maradhi ya kuota huku yu macho. Mimi nayaita maradhi, yeye aliyaita kupumzika. Unamkuta amesimama na pasi mkononi, mvuke umemfunika uso, macho yake yametua ukutani lakini mwenyewe hayupo. Yuko kwao Igembe, kule Meru, kwenye baridi na matope mekundu, anafukuza mbuzi wa jirani. Unamwita, kimya. Unamwita tena, ndipo anaitika, "Naam, Mzee Zein," kwa sauti ya mtu anayetoka mbali sana, tena aliyechoka na safari.

Nilikuwa dereva wa nyumba ile ya Al Warqa, na yeye ndiye aliyefua, aliyepiga pasi na kulea watoto wa madam. Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kuze, na Dubai nimekaa mpaka Kiarabu changu wenyewe hawakitambui kuwa ni cha mgeni. Tabia yangu wanaijua wote: sina subira na watu wavivu. Ni kweli kwamba gari likisimama kivulini nalala, lakini huko si uvivu, ni umri.

Mwaka wa 2006 mtaa wetu ulikuwa bado mchanga. Barabara nyingine zilikwenda, zikanyooka, halafu zikaishia jangwani bila sababu. Asubuhi za majira ya baridi ukungu ulishuka mpaka huoni pua ya gari lako, na majumba ya watu yakawa yanaelea hewani bila miguu. Mirriam aliupenda ukungu ule kupita kiasi. Alitoka nje na ndoo ya kuoshea gari, akasimama tu katikati ya uwanja.

"Mzee Zein, hapa ni kama mjini kwetu Maua," ananiambia. "Ukifunga macho kidogo, unasikia hata punda."

Mimi punda simsikii. Nasikia mashine ya jirani inachimba bwawa la kuogelea.

Ijumaa alikuwa na ruhusa ya kwenda kanisani, maana wakati ule Dubai Wakristo walisali Ijumaa, Jumapili ilikuwa siku ya kazi. Nilimpeleka na kumrudisha. Huko uwanjani mwa kanisa ndiko alikompata Isaiah Kaimenyi, au Isaiah ndiye aliyempata yeye, sijui, kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Isaiah alikuwa mlinzi wa ghala la vigae kule Al Quoz. Kijana mrefu, mpole, shati limenyooshwa hata siku ya mapumziko, naye mtu wa Igembe vilevile. Alikuja dirishani pa gari akaniambia, "Shikamoo, Mzee." Wabara wengi shikamoo hawana habari nayo, kwa hiyo nilijua kuna mtu amemfundisha, na nilijua ni nani. Nikampenda papo hapo. Sikumwonyesha.

Sasa, Mirriam hakuwa na baba. Mzee alikuwa amefariki, na kwao baba akifa, kaka mkubwa ndiye baba. Kaka mwenyewe ni Alfred, naye alikuwa hapa hapa Dubai, bandari ya Hamriya, msimamizi wa wapakiaji. Friji, magodoro, magurudumu ya gari, kila kilichokwenda Afrika kilipita mbele ya macho yake. Alfred alikuwa mtu wa kutembea kifua mbele. Alimtakia dada yake mwanamume wa ofisini, si mlinzi wa kukaa mlangoni na tochi. Isaiah alipokwenda kumweleza kwamba anamtaka Mirriam, Alfred alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono kwenye suruali, akamwambia, "Hayo ni maneno. Mwanaume wa kwetu hakuji kuposa na mdomo. Niletee ncoolo."

Ncoolo ni kitita cha miraa. Si ile ya kutafuna barazani, la. Vijiti huchaguliwa kimoja kimoja, hufungwa na wazee wanaojua kazi hiyo, huvishwa majani ya mgomba, kisha kitita hupelekwa kwa baba wa msichana. Akikipokea, umekubaliwa. Akikirudisha, nenda zako. Na bila kitita hujaposa, umepiga domo tu. Niliposikia habari hii nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi Mombasa miraa tunaitafuna tukipiga soga hadi alfajiri, asubuhi mtu hana hamu ya chai wala ya mkewe. Kumbe wenzetu kule inakotoka ndiyo wanayoolea!

"Si mchezo, Mzee," Mirriam aliniambia, na hakucheka. "Baba alipeleka cha mama. Babu alipeleka cha nyanya."

Basi mwezi wa nane Isaiah akaenda likizo kwao. Akawaeleza wazee, wazee wakafurahi kwamba kuna kijana yuko Uarabuni na bado anakumbuka adabu, wakamfungia kitita cha kupendeza. Na hapa ndipo lilipo kosa lake. Hakukificha. Angekuwa mhalifu angekishonea ndani ya mto. Yeye alikiweka juu ya nguo zote, kisije kikavunjika, na aliporudi, afisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Dubai alipofungua sanduku na kumwuliza hiki ni nini, Isaiah alitabasamu. Alijibu kwa Kiingereza chake cha shule kwamba ni cha kumpatia mke.

Kwao miraa ndiyo karo ya shule, ndiyo bati la nyumba, inauzwa mchana kweupe mbele ya polisi na padri. Huku ni dawa ya kulevya, inaitwa qat, na imo kwenye sheria ya shirikisho. Maana yake si sheria ya Dubai peke yake: shukia Dubai, shukia Sharjah, shukia Abu Dhabi, utanaswa tu. Isaiah hakujua. Alifungwa pingu huku angali anawaeleza habari za harusi. Na Mirriam siku hiyo alikuwa amesuka nywele upya, anakaa karibu na simu, anatabasamu peke yake jikoni.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa kumi na mbili. Nilimwambia madam napeleka gari gereji, na Mirriam anakwenda kununua uzi. Tukaenda mahakamani tukakaa nyuma ya watu.

Isaiah alikuwa amepewa wakili na mahakama, kwa kuwa yeye hana uwezo. Jina la wakili yule nimelisahau, na nimelisahau kwa makusudi. Alikuja amechelewa, joho liko begani, simu iko mkononi. Hakumtazama Isaiah hata kwa bahati mbaya. Baadaye tulijua kwamba hakuwahi kwenda kumwona gerezani, na Isaiah alipomwona anasimama alidhani ni karani. Jaji akamwuliza wakili ana nini cha kusema. Kiarabu nakisikia, masikio nikayatega. Alisema mteja wake anajuta na anaomba huruma ya mahakama. Akakaa. Akarudi kwenye simu yake.

Anajuta! Ebo! Anajuta nini? Hajamwuliza mtu kitita ni cha nani, kimetoka wapi, kinakwenda kufanya nini, yeye ameshamjutia! Kuomba huruma ni kusema, ndiyo, nimefanya, nipige lakini usiniumize sana. Nilitaka kusimama. Mirriam akanivuta mkono wa kanzu.

"Amesema nini, Mzee?"

"Hajasema kitu," nikamjibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Wakampa miaka kumi, na akimaliza arudishwe kwao asikanyage tena nchi hii. Isaiah aliposikia kutoka kwa mkalimani alimtazama Mirriam mara moja tu, halafu akatazama viatu vyake. Wakamtoa.

Njia nzima ya kurudi Mirriam hakulia. Aliegemeza kichwa kwenye kioo akatazama winchi za ujenzi zilizojaa angani, maana mwaka ule Dubai ilikuwa inajengwa yote kwa pamoja. Zilikuwa zimesimama, ni saa ya chakula.

"Zimelala zikiwa wima," alisema. "Hata mimi niko hivyo."

Nikaogopa. Mtu akilia unajua la kumwambia. Huyu alikuwa anazungumza kutoka kule anakokwenda siku zote, na safari hii nilihofu hatarudi.

Siku iliyofuata akaunguza abaya ya madam. Hariri, tena ya kuvaa harusini. Alisimama juu yake na pasi, akaondoka kwenda Igembe, na aliporudi chumba kimejaa moshi. Madam wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa sauti. Alipiga kelele mpaka watoto wakajificha chini ya meza. Kisha akanigeukia mimi, "Zein, huyu ana nini?" Nikaona hakuna faida ya kuficha, nikamsimulia yote.

"Qat!" akasema, ameshika kifua. "Jina hilo ndani ya nyumba yangu! Khalas, sitaki kusikia." Akaenda zake kulala.

Saa ile ya mchana Al Warqa yote hulala. Barabara zinabaki nyeupe na tupu, paka wanalala chini ya magari, hata viyoyozi vinakoroma. Nilisinzia kwenye kiti changu nikaota Kuze, naota nimekaa barazani kwetu na hakuna anayenijua. Nikaamshwa na madam amesimama mbele yangu, shela limekaa upande, alama ya mto iko shavuni.

"Zein," aliniambia polepole, si sauti yake ya siku zote, "nimeota mtu anagonga mlango wangu. Namsikia, na bado nimelala tu, sinyanyuki. Huyo kijana alikuwa na wakili wa namna gani?"

Nikamweleza. Kisha akaomba aletewe simu, na kabla ya alasiri ameshampata Ustadha Arwa.

Ustadha Arwa alikuwa binti wa rafiki yake, wakili kijana, raia wa hapa. Lakini nyanya yake alizaliwa Unguja, na familia ilipohamia huku iliacha nyumba na mashamba, Kiswahili haikukiacha. Alipofungua mdomo nilidhani nimeteremshwa Unguja mjini. Alitupokea ofisini kwake, akamkalisha Mirriam kwenye kiti kizuri, akamwekea chai mwenyewe.

"Haya dada, nambie taratibu. Yule wakili alikuulizeni kitita kilikuwa kinakwenda kwa nani?"

"Hakuna mtu aliuliza."

"Isaiah mwenyewe je? Alimuuliza?"

"Hawakuongea hata siku moja. Isaiah hakujua ako na wakili."

Nilimwona kabisa Ustadha anameza hasira, na hapo nikajua tuko mahali pazuri.

"Basi rufaa yetu ndiyo hiyo," alisema. "Mtu hupewa wakili ili atetewe. Hapewi kivuli. Aliyetetewa kwa jina tu hajatetewa, na hukumu iliyosimama juu ya utetezi kama huo tunaweza kuomba ivunjwe. Siku za kukata rufaa ni chache, nitaiandika leo. Lakini nisikilizeni vizuri. Majaji wataniuliza, haya, wewe ungesema nini ambacho mwenzako hakusema? Nikijibu kwa maneno yangu matupu, Isaiah atabaki ndani. Namtaka mtu mmoja tu. Aliyekiagiza kile kitita."

Mirriam alitazama kikombe chake. "Ni kaka yangu," akasema.

"Jamani," Ustadha akapumua. "Basi sitokudanganya. Akisimama akasema mimi ndiye niliyeagiza, anaweza akashtakiwa na yeye. Kuagiza nako ni kosa. Mwelezeni yote haya kabla hajaamua, musimfiche kitu. Ami Zein, nakutegemea."

Nilimpenda kwa neno lile. Wakili mwingine angetuambia tumlete tu, yatakayompata shauri yake.

Tulikwenda Hamriya mchana. Jua lilikuwa limeyeyusha kila kitu, maji hayana rangi, mbingu haina rangi, na watu wanabeba friji migongoni wanatokea kwenye mwanga na kupotelea kwenye mwanga. Tulimkuta Alfred amekaa juu ya magodoro yaliyofungwa nailoni. Alipomwona dada yake alisimama, halafu akakaa tena.

Nilimweleza mimi, kwa utaratibu, na hatari yake nikamweleza. Hakunikatiza. Alikuwa amekonda. Toka mwezi wa nane alikuwa hajakanyaga kanisani wala hajampigia dada yake simu.

"Sikujua atafika nacho," alisema hatimaye. "Haki ya Mungu. Niliitisha kitu ambacho haiwezekani. Nilidhani watamnyang'anya huko Nairobi, akuje mikono mitupu, aone haya, amwache Mirriam. Basi."

"Lo!" nikasema. "Mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umechuma, ukamwachia mtoto wa watu sahani nzima!"

"Mzee, wewe huna watoto watatu shule na mama mgonjwa. Nikifungwa mimi, nani atawalisha? Mtu amekamatwa ni mmoja. Mnataka wawe wawili?"

Mtu anakuuliza nani atalisha watoto wake, utamwambia nini? Nikamtazama Mirriam. Nilidhani atapiga magoti. Nilidhani atalia.

Alikuwa macho kabisa. Sijawahi kumwona macho namna ile.

"Alfred," alisema, "mimi sijakuja kukuomba umtoe Isaiah. Wewe ulisema uletewe kitita. Wazee walifunga. Kilisafiri, kikafika Dubai. Kwetu kitita kikifika, mtu anajibu. Anasema ndiyo ama anasema hapana. Hakuna mzee amewahi kukaa kimya. Baba hangekaa kimya. Hicho tu ndicho nimekuja kusema, kwamba hujajibu."

Akageuka akaenda. Alfred alibaki anakwaruza nailoni ya godoro kwa ukucha. Nikamfuata Mirriam, na tulipofika garini alilala kabla sijawasha injini, mdomo wazi, mikono imelegea pajani. Alilala mpaka Al Warqa, nikazunguka mtaa mara nyingine ili nisimwamshe.

Baada ya hapo tulingoja. Ukungu ulizidi mwaka ule, au ni mimi niliyeuona hivyo. Kila asubuhi Mirriam alikuja mlangoni pa gereji na ndoto mpya. Mara Isaiah amekuja kuosha gari naye, hana kivuli. Mara anapiga pasi kitambaa cheupe kisicho na mwisho, na huko mbali kuna mtu anakikunja.

"Nani?" nilimwuliza.

"Sikuona uso."

"Basi kesho mtazame uso," nikamwambia kwa ukali, kwa sababu na mimi nilianza kuota yaleyale. Ustadha alimpelekea Alfred tarehe ya rufaa, lakini Alfred hakupiga simu.

Siku ya rufaa ilikuwa mwezi wa pili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara, magari yote yamewasha taa, tunatambaa. Madam safari hii alijua, na ndiye aliyetuamsha. Tulipoingia mahakamani nilitazama viti vyote. Alfred hayuko. Mirriam hakutazama. Alikaa, akaweka mikono magotini.

Ustadha Arwa alisimama mbele ya majaji watatu. Mwanamke mwembamba vile, sijui sauti ile aliificha wapi. Alisema: mtu huyu alihukumiwa bila kutetewa. Wakili wake hakumtembelea. Hakusoma jalada. Hakuita shahidi hata mmoja. Aliomba huruma kwa kosa ambalo mteja wake hakuwahi kumweleza, kwa kuwa hakuwahi kumwuliza. Mkubwa wa majaji, mzee mwenye ndevu nyeupe, akamgeukia Isaiah kwa njia ya mkalimani.

"Ulizungumza na wakili wako?"

"Hapana," alisema Isaiah. Nguo za gereza zilimpwaya. "Nilimjua wakati alikaa."

Majaji wakainamiana, wakanong'ona. Yule mzee akamwuliza Ustadha kile nilichokuwa nakiogopa: na shahidi huyo uliyetuandikia, yuko wapi?

Ustadha alitazama mlango. Sote tukautazama mlango. Mlango ule haukufanya kitu. Nilianza kusoma dua zote ninazozijua, na nyingine nikazichanganya. Ustadha akaomba muda kidogo, kwa sababu ya ukungu barabarani. Jaji akatazama dirishani, kweupe kabisa, akakubali. Tukakaa, Mirriam amefumba macho, na mimi namwambia moyoni, usiende huko sasa, mwanangu, kaa hapa.

Alfred aliingia ameloa jasho, viatu vimejaa mchanga. Aliacha teksi kwenye foleni akatembea. Hakumsalimu mtu. Akaapishwa, akasimama, mikono nyuma.

"Wewe ndiye uliyeagiza kitita hiki?" jaji mzee akauliza.

"Mimi."

"Cha kuuza?"

"Hapana. Kwa sababu ya dada yangu." Akaeleza, mkalimani anamfuata nyuma: wazee, majani ya mgomba, baba aliyekufa, desturi. Alieleza vibaya, anarukaruka, lakini hakuacha kitu. Mwendesha mashtaka alikuwa anaandika kwa kasi, na Alfred alimwona anaandika, na akaendelea.

Jaji mzee akakaa akimtazama. "Na kingekufikia," akasema, "ungemjibu nini huyu kijana?"

Hapo Alfred alishusha kichwa. Nikajua angeweza kudanganya, na uongo ule ungekuwa mtamu kwetu sote.

"Ningekirudisha," alisema. "Niliitisha nikijua hawezi. Nilitaka ashindwe."

Watu wakanong'ona. Ustadha alifumba macho.

"Na sasa?"

Alfred akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza amtazame Isaiah toka likizo ile. Alimtazama alivyokonda, alivyosimama wima hata hivyo.

"Sasa nimemkubali," akasema.

Isaiah akainamisha uso kwenye mikono yake iliyofungwa akalia kama mtoto, kwa sauti, mbele ya askari. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Wallahi nililia mpaka mtu wa pembeni akanipa karatasi ya kufutia pua.

Alfred walimhoji siku hiyo hiyo, wakamhoji na siku nyingine, kisha wakamwacha. Lakini habari ilifika kazini kwake, na kampuni ikamfutia viza. Aliondoka na mkoba mmoja kabla hukumu haijasomwa. Tulipomsindikiza hakulalamika hata kidogo. Alimwambia Mirriam ataanza kulima shamba la baba, ambalo limeota magugu, na akamwomba asimwambie mama sababu. Mirriam alimshika kichwa kwa mikono miwili kama wanavyoshikwa watoto.

Hukumu ilisomwa mwisho wa mwezi wa tatu. Jaji mzee alisoma haraka, kwa sauti ya chini, na mkalimani alikuwa ameitwa chumba kingine. Kwa hiyo nilikuwa mimi. Nilisikia kwamba hukumu ya kwanza imevunjwa, kwa kuwa utetezi ulikuwa wa jina tu. Nilisikia kwamba mahakama imeona hakuna biashara hapa. Nilisikia kwamba kosa dogo lililobaki ameshalitumikia, na arudishwe kwao. Nilisikia yote, na maneno yakanikimbia. Mimi, Zein wa maneno!

"Mzee, amesema nini?" Mirriam ananitikisa. Mimi machozi tu. Akanipiga ngumi ya bega, ngumi ya kweli. "Sema! Ni miaka mingapi?"

"Hakuna miaka," nikasema. "Anarudi nyumbani. Anarudi sasa hivi."

Alicheka. Akajiziba mdomo, akacheka ndani ya kiganja.

Tulitoka mbio kwenda ukumbini. Isaiah alikuwa analetwa na askari wawili, wa kumpeleka ndani kungoja ndege. Ustadha Arwa alizungumza na mkubwa wao kwa adabu, akatupa muda mfupi. Isaiah uso wote ulikuwa unawaka.

"Mirriam! Ulisikia? Alfred alikubali! Alikubali mbele ya watu!"

"Nilisikia," alisema Mirriam. "Alfred amekubali. Wazee walikubali. Hata jaji amekubali." Akamsogelea. "Isaiah, mimi nani ameniuliza?"

Ebo! Nilitaka ardhi inimeze. Baada ya yote hayo! Askari anasema yalla, twende, Ustadha ameshika shela lake mdomoni, na Isaiah amesimama pale mdomo wazi. Halafu nikamwona anaelewa. Toka siku ile ya uwanja wa kanisa, amekwenda kwa Alfred, amekwenda kwa wazee, amekwenda jela na kurudi. Kwa huyu mwenyewe hajawahi kwenda.

Akanyoosha shati lake la gereza kwa mikono yenye pingu.

"Mirriam," akasema, taratibu, "utanikubali?"

Na yeye, kama kawaida yake, akaondoka. Nililiona jicho likienda, likavuka ukuta, likavuka bahari, likapanda milima yao. Tukangoja. Hata askari alingoja. Aliporudi alimtazama Isaiah sawasawa.

"Ndiyo," alisema. "Lakini mpaka mkataba wangu uishe."

Mkataba wake ulikuwa umebakiza zaidi ya mwaka, na Isaiah asingeweza kurudi nchi hii tena. Alilijua hilo. Aliitikia kwa kichwa, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akasema, "Nitangoja." Askari wakamshika mkono, wakaenda naye.

Garini niliwasha redio ili nipate la kufanya. Tulipofika kwenye taa za barabarani Mirriam akanigusa mkono.

"Mzee Zein, zima hiyo redio. Nataka kulia vizuri."

Nikaizima, nikaendesha polepole.